Flisi ya bustani: gramu 17, gramu 30 au mfuko wa zipu?

Ikifika Aprili, maduka ya bustani ya Uingereza hupanga karibu na kaunta roli za kitambaa cheupe chepesi ambacho, kwa maneno ya karatasi yake, kitaikinga miche yako na jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza majani. Kitambaa hicho ni flisi: nyuzi za polipropilini zilizogandishwa pamoja kwa joto bila kufumwa. Hupitisha mvua, hewa na sehemu kubwa ya mwanga. Mwenye kishamba cha kukodi kwa halmashauri pale Leicester, au mwenye masanduku mawili ya mboga nyuma ya nyumba kule Reading, ni vigumu kupata kifaa cha bei nafuu kitakachomfaa zaidi mwaka huo. Tatizo ni kwamba zile zinazowekwa mbele dukani, nyembamba na fupi, ndizo zinazowaangusha watu usiku wenyewe ukifika.

Uamuzi wetu tuutoe mapema. Nunua ya gramu 30 kwa mita ya mraba, yenye upana usiopungua mita 2.2, uikate mwenyewe. Ya gramu 17 ina kazi yake, ila si hiyo. Mfuko wa kufunika mti ni wa mwenye mti wa kwenye chungu tu. Mahandaki yaliyotengenezwa tayari, yale matao ya waya yenye kitambaa kilichoshonwa juu yake, yaache dukani.

Kwanza ieleweke kitambaa kinafanya nini, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Flisi haitoi joto. Joto linatoka ardhini: udongo hulihifadhi mchana, usiku hulirudisha hewani, na anga likiwa jeupe bila wingu wala upepo, joto lile hupaa moja kwa moja na kupotea. Wingu hulirudisha chini, upepo huichanganya hewa baridi ya chini na ya juu yenye joto kidogo. Vyote viwili vikikosekana, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu, inakuwa nzito, inateremka kama maji na kujaa kwenye bonde, nyuma ya ukuta au chini ya ua uliozibwa. Aliyekulia Kinangop ya Kenya au Makete ya Tanzania ameiona: viazi vya bondeni vimekuwa vyeusi asubuhi, vya mteremkoni vizima. Kinangop huwa Januari na Februari, siku za kiangazi. Makete ni kuanzia Juni hadi Agosti. Uingereza usiku wa namna hiyo huja Aprili na Mei, wakati miti imechanua na miche ya dirishani inalilia kutoka nje, na ndiyo maana hasara yake inauma.

Kazi ya flisi basi ni kuchelewesha joto la ardhini lisipotee upesi. Udongo ukiwa mkavu na baridi, hakuna cha kuchelewesha. Usiku wenye upepo wa kaskazini uliobeba hewa ya Aktiki, hakuna kitambaa cha dukani kitakachosaidia sana, kwa sababu baridi inaletwa kutoka nje na kupenya, haizaliwi pale bustanini.

Jambo la pili: utabiri wa hali ya hewa hausemi joto la mche wako. Vituo vya Uingereza hupima hewa kwenye kisanduku kilicho mita 1.25 juu ya ardhi. Usiku mtulivu, majani yaliyo sentimita 5 kutoka ardhini huweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi joto 3 hadi 5 za Selsiasi. Simu ikiandika nyuzi 3, mtu analala akijua yuko salama, na kesho anakuta maharage yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Kwa hiyo pamoja na roli nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu. Kiweke usawa wa mmea, nje ya kitambaa, siku chache kabla ya kupanda. Kama simu ilisema 4 na kipimajoto kimeonyesha 0, basi bustani yako iko nyuzi 4 chini ya utabiri kwenye usiku wa aina hiyo, na tangu hapo unafunika kila simu ikisema 5. Kipimajoto hiki kitakuokoa mara nyingi kuliko kitambaa chenyewe.

Uzito

Gramu 17 ndiyo inayojaa madukani. Ukiinyoosha mbele ya dirisha unaona mitaa yote kupitia kwake, na nyuzi zimetapakaa hapa nene pale hakuna kitu. Hupitisha mwanga asilimia 85 hadi 90, kwa hiyo inaweza kukaa juu ya mboga wiki nzima bila kuzichosha. Kwenye baridi hukupa kinga ya nyuzi joto 2 hivi, na hizo ni kwa usiku mtulivu juu ya udongo wenye unyevu. Inatosha kwa jalidi nyepesi ya mwisho wa Mei. Udhaifu wake ni kuchanika. Pini moja ya chuma ikitoboa pembeni, upepo wa siku mbili unageuza tundu kuwa mpasuko wa mkono mzima. Msimu mmoja, miwili ukiitunza.

Gramu 30 ni kitu kingine mkononi: inakunjika kama kitambaa cha leso, haionyeshi vidole, na ukiivuta haikatiki upesi. Inakupa nyuzi 3 hadi 4. Mwanga unaopita ni asilimia 70 hivi, maana yake usiiache juu ya miche wakati wa mchana siku nyingi mfululizo, la sivyo itarefuka na kuwa dhaifu. Lakini jalidi ni jambo la usiku. Unafunika jioni, unafunua asubuhi, kwa hiyo upungufu huo wa mwanga si hoja. Hudumu misimu mitatu au zaidi. Ukigawa bei kwa misimu, hii ndiyo rahisi kuliko ya 17, ingawa siku ya kulipa mfuko hautakubali.

Gramu 50 na kuendelea ni za kufunika mimea ya chungu wakati wa baridi kali ya Desemba. Mwanga wake ni nusu tu. Kwa majira ya kuchipua ni kupita kiasi.

Walioko Marekani na Kanada watakuta kitambaa hichohicho kinauzwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba: aunsi 0.5 ni gramu 17, aunsi 0.9 ni gramu 30, aunsi 1.5 ni gramu 50. Uamuzi wetu haubadiliki, chagua 0.9.

Je, ukikunja ya 17 mara mbili unapata 30? Kwenye mizani karibu, kwenye bustani inategemea. Matabaka mawili yaliyogusana yanafanya kazi kidogo kuliko unavyotarajia. Ukiyatenganisha, moja limelala juu ya mimea na jingine juu ya matao, hewa iliyobaki katikati inakinga vizuri. Hiyo ndiyo njia ya mtu ambaye tayari ana roli ya 17 nyumbani na hataki kununua tena.

Upana, ambao hakuna anayeupima

Roli ya kawaida ina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 10. Kwenye karatasi kuna picha ya tuta lililofunikwa vizuri. Sasa piga hesabu ya tuta la kweli. Upana wa tuta mita 1.2, tao lenye kimo cha sentimita 50: kitambaa kikipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili kinahitaji mita 1.73. Ongeza sentimita 20 hadi 25 kila upande za kuzikwa au kukandamizwa, unafika mita 2.2. Roli ya mita 1.5 haifiki hata ardhini. Itatosha tuta la sentimita 80 lenye tao la sentimita 30, basi. Ndiyo maana unaona watu wameilaza moja kwa moja juu ya miche, na hapo tatizo jingine linazaliwa: kitambaa kikilowa umande na kuganda, kila jani linaloigusa barafu linaungua. Asubuhi utaona mche mzima mzima, ila ncha za juu ni nyeusi.

Urefu nao: tuta la mita 3 linahitaji mita 4.5, kwa sababu ncha zote mbili lazima zishuke na kufungwa. Ncha iliyoachwa wazi ni mlango wa hewa baridi, na handaki lililo wazi halina faida yoyote usiku. Roli ya mita 10 basi inafunika matuta mawili ya mita 3 na kubakiza kipande cha mita moja cha kufunikia chungu.

Matao yasikugharimu. Bomba la maji la plastiki la buluu, kipenyo milimita 25, linakatika kwa msumeno mdogo. Kata vipande vya mita 1.75, chomeka vijiti vya mianzi au nondo nyembamba za sentimita 50 ardhini hadi nusu, kila upande wa tuta, kisha ingiza ncha za bomba juu yake. Tao moja kila mita. Tuta la mita 3 ni matao manne, mita 7 za bomba. Kama sehemu yako ina upepo, funga mwanzi mmoja mrefu kupitia vilele vya matao yote ili yasilale. Kitambaa kibane kwenye bomba kwa vibanio vya nguo, na kingo zilaze chini ya mbao au matofali. Zile pini za plastiki zinazokuja ndani ya pakiti zitoboe kitambaa pale tu ulipokikunja mara mbili au tatu. La bora zaidi, zitupe.

Mahandaki yaliyotengenezwa tayari, yale yanayofunguka kama kinanda cha mkono, yana makosa yote tuliyoyataja kwa pamoja. Kitambaa chake kwa kawaida ni chembamba, tao lake ni waya wenye kimo cha sentimita 30 hadi 45, na kimeshonwa kwenye waya kiasi kwamba kikichanika huwezi kubadilisha. Upana wa chini ni wa mstari mmoja wa letusi. Yanapendeza kwenye picha, na mtu mwenye mgongo mbaya huenda akayasamehe kwa wepesi wake.

Jioni yenyewe

Mwagilia udongo asubuhi ya siku ambayo usiku wake unatiliwa shaka. Udongo wenye maji huhifadhi joto zaidi na kulipitisha juu vizuri kuliko mkavu uliojaa hewa. Usimwagie majani jioni. Kama kuna matandazo ya majani makavu, yasogeze pembeni kwa wiki hizo mbili tatu: yanalifungia joto chini na kuuacha mche juu yake kwenye baridi zaidi kuliko ule uliopandwa kwenye udongo mtupu. Hilo linawashangaza wengi, kwa sababu matandazo tumefundishwa ni mazuri siku zote. Stroberi zilizotandaziwa nyasi kavu mapema huungua maua kuliko zile za jirani asiyetandaza. Tandaza baada ya jalidi kwisha.

Funika kati ya saa 11 na saa 1 jioni, jua likiwa bado lipo. Mei nchini Uingereza jua linazama karibu saa 3 usiku, na wengi husubiri giza ndipo wakumbuke. Kufikia hapo joto ulilotaka kulifungia limekwisha ondoka. Baridi kali kabisa huja karibu na mawio, ambayo katikati ya Mei ni saa 11 alfajiri hivi. Funua saa 2 au saa 3, hewa ikishapanda juu ya sifuri. Ukiamka ukakuta kitambaa kigumu kwa barafu, usikibandue kwa nguvu, maana kitaondoka na majani. Kiache kiyeyuke.

Na mche ulioungua usiukate asubuhi hiyo. Ngoja. Kiazi mviringo kikipoteza majani yote huchipua tena kutoka chini, umechelewa wiki mbili tatu tu. Viazi vilivyochomoza kidogo havihitaji hata kitambaa: vuta udongo uvifunike, utakuwa umefanya kazi mbili kwa jembe moja. Nyanya iliyoungua kilele yaweza kuchipua kwenye kikwapa cha jani la chini kama shina halijageuka maji. Maboga na maharage yakienda yamekwenda, panda mengine.

Matunda

Hapa flisi inafanya kazi yake nzuri kuliko zote, na hapa pia ndipo inapotumiwa vibaya kuliko zote.

Stroberi huchanua chini kabisa, penye baridi kali. Ua lililofunguka linakufa kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri hivi, ilhali chipukizi lililofumba linavumilia baridi zaidi ya hapo. Ubaya wake ni kwamba ua lililokufa halianguki. Petali zinabaki nyeupe, safi kabisa, na kwa mbali shamba linapendeza. Chuchumaa utazame katikati: ile sehemu ya manjano inayotakiwa kuwa tunda imekuwa na jicho jeusi. Ua hilo halitazaa kitu. Ukikuta macho meusi kwenye maua ya kwanza, ujue umepoteza yale ambayo yangetoa matunda makubwa kuliko yote, maana ua la kwanza la kila kikonyo ndilo lenye tunda kubwa. Kwa mistari ya stroberi gramu 30 juu ya matao mafupi ni pesa iliyotumika vizuri. Funua kila asubuhi nyuki waingie. Kitambaa kikiachwa mchana kutwa juu ya maua, unavuna matunda yaliyokunjamana upande mmoja, na watu hudhani ni ugonjwa.

Mitufaha hupimwa kwa hatua. Chipukizi likiwa limeanza tu kuonyesha fedha kwenye ncha, lahimili nyuzi 9 chini ya sifuri na kupoteza kidogo tu. Maua yakishafunguka, nyuzi 2.2 chini ya sifuri kwa nusu saa huua moja katika kila kumi, nyuzi 3.9 huua tisa katika kumi. Tofauti ya nyuzi 1.7 ndiyo inayotenga mavuno na kukosa kabisa, na ndiyo maana flisi ya nyuzi 3 ni kitu cha maana kwa anayeweza kuufikia mti. Neno ni kuufikia. Mtufaha uliopandikizwa kwenye shina-mzizi la M27, lile linaloufanya mti ubaki mfupi, hukomea mita 2 hivi, na ule wa kwenye ukuta waweza kushushiwa pazia la flisi kutoka kwenye mwanzi uliofungwa juu, uliokaa sentimita 20 mbali na matawi. Mti wa MM106, shina-mzizi lenye nguvu zaidi, wenye mita 4 usihangaike nao. Ngazi, upepo na matawi yaliyovunjika vitakugharimu zaidi ya maua. Kwa miti mikubwa kinga hutoka mbali zaidi, siku ya kununua mche: usiupande bondeni, na chagua aina inayochelewa kuchanua, kama Court Pendu Plat, tufaha la kale ambalo Waingereza wamelisifu tangu zamani kwa busara ya kungoja baridi ipite.

Mipichi na miaprikoti ndiyo ya haraka, huchanua Machi au hata kabla. Bila ukuta wa kusini na pazia, kaskazini mwa London ni bahati nasibu. Ukuta wa mashariki uepukwe, kwa kuwa jua la asubuhi hupiga ua lililoganda na kuliyeyusha ghafla, na madhara yake huzidi.

Sasa ile mifuko ya zipu, inayouzwa kwa ukubwa wa mti. Kwa mti wa chungu, ambao unaweza kuuvuta hadi karibu na ukuta wa nyumba, ni rahisi: unaivisha, unavuta kamba ya chini, umemaliza. Kwa mti uliopandwa ardhini ina kasoro ya msingi. Kamba inafungwa kwenye shina, kwa hiyo joto la ardhini halina njia ya kuingia. Umefunga hewa baridi ndani ya mfuko. Kama umekwisha ununua, usifunge kamba. Iache sketi ifike hadi chini na uikandamize kwa matofali. Angalia pia zipu kabla hujaondoka dukani, kwani zipu ya plastiki iliyoshonwa kwenye kitambaa chembamba ndiyo inayotoka kwanza.

Aprili ya 2021 ilikuwa mtihani wa haki kwa vifaa hivi vyote. Uingereza ilipata usiku wa jalidi mwingi kuliko Aprili yoyote tangu kumbukumbu hizo zianze 1960, na Ufaransa wakulima wa mizabibu waliwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari usiku kucha na bado wengi walipoteza mavuno. Penye usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri mfululizo, kitambaa cha nyuzi 3 kinapunguza hasara, hakiondoi.

Washindani

Karatasi ya plastiki: hapana. Huruhusu joto la ardhini kupita na kupaa, hukusanya maji upande wa ndani, na jani linaloigusa huungua. Vifuniko vya plastiki vya umbo la kengele, vile vya mche mmoja mmoja, vinafaa kwa boga moja au mawili ikiwa utakumbuka kufungua tundu la juu mchana. Jua likitoka ndani yake hufika joto la kupika.

Shuka kuukuu la kitandani: ndiyo, kwa usiku mmoja wa dharura. Ni zito, lipandishe juu ya viti au matao, na liondoe asubuhi kwa sababu halipitishi mwanga. Likinyeshewa linaangusha kila kitu.

Wall O' Water ya Wamarekani ni duara la mirija ya plastiki unayoijaza maji kuzunguka mche mmoja wa nyanya, zaidi ya lita 10 kila moja. Hii inatoa joto kweli. Lita moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa kilojuli 4 hivi, lakini ikiganda hutoa kilojuli 334, na kabla maji yote hayajaganda, mche uliomo ndani haushuki sana chini ya sifuri. Kwa nyanya tatu nne ni kifaa kizuri kuliko flisi. Ubaya wake ni kuijaza: weka ndoo juu ya mche kwanza, jaza mirija kwa kupishana pande, kisha toa ndoo, vinginevyo itaangukia mche. Mirija hutoboka. Na kwa mistari ya mboga haiwezekani.

Isichoweza

Flisi hairuhusu kupanda mchicha mwezi Aprili. Kuzuia jalidi ni jambo moja, joto la kukua ni jambo jingine. Mchicha na managu hukaa tu vikiangalia udongo wenye nyuzi 9, na mwisho vinaoza. Nyanya hazitaki usiku wa chini ya nyuzi 10. Maharage na mahindi yasubiri udongo wa nyuzi 12. Sukuma wiki, kwa upande wake, haina haja ya kitambaa kwa ajili ya jalidi. Miche iliyozoeshwa inavumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Ifunike kwa gramu 17 kwa sababu ya njiwa, ambao huimaliza hadi vikonyo. Hiyo ndiyo kazi halisi ya roli ile nyembamba.

Wapo wanaobeba mbegu ya mahindi ya H614 kutoka Kenya wakitarajia kuifungia flisi mwezi Aprili na kula mahindi ya kuchoma Birmingham. Mahindi hayo ya nyanda za juu huchukua siku 160 hadi 210, na siku ndefu za kiangazi cha Ulaya huyachelewesha zaidi kutoa mbelewele. Kati ya jalidi ya mwisho na ile ya kwanza ya vuli kuna miezi mitano hivi. Yatakuwa marefu kama mlango na hayatakupa gunzi.

Tarehe za kutoa miche nje ni za mahali. Kusini mwa Uingereza wengi hungoja wiki ya Chelsea Flower Show, maonyesho ya maua ya London, mwishoni mwa Mei. Scotland ongeza wiki moja au mbili. Ujerumani wakulima husubiri Watakatifu wa Barafu wapite, 11 hadi 15 Mei, siku ya Sophie ikiwa ya mwisho. Minneapolis ni katikati ya Mei. Kabla ya siku hiyo izoeshe miche siku 7 hadi 14: itoe nje mchana kivulini, irudishe usiku, kisha ilaze nje chini ya flisi. Mche uliotoka dirishani moja kwa moja hadi shambani huungua kwa upepo na jua hata bila baridi.

Mambo ya chini ya kitambaa nayo yana gharama. Koa hupenda unyevu ule, na wakati unalala wao wanakula. Inua kitambaa usiku kwa tochi uwaokote. Vidukari vilivyomo ndani havionwi na ndege. Na ukifunika karoti au sukuma kwenye tuta lililokuwa na zao la jamii hiyohiyo mwaka jana, inzi waliolala ardhini wataanguliwa ndani ya handaki lako, wamehifadhiwa vizuri kuliko mboga.

Baada ya msimu ifue kwa maji ya nyuzi 30 bila sabuni nyingi, ndani ya foronya ili isijizungushe, uianike ikauke kabisa. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, maana panya wa kibandani huipenda kwa kutengenezea viota. Siku utakapoisugua kati ya vidole ikaacha unga mweupe, itoe bustanini hiyohiyo siku: jua limeshaila, na vipande vyake ni plastiki inayoingia kwenye udongo unaopandia chakula. Usiitie kwenye mboji.